Mume wangu ndiye aliyeua klabu ya kaka yangu, na anayelaumiwa ni mtu mwingine

Admin, nifichie jina, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushee, naishi Igoma na mume wangu, tuna watoto na wajukuu. Najua wengi humu ni vijana na mtasema bibi badala ya kusali anahangaika na mambo ya disko. Semeni tu, lakini someni mpaka mwisho, maana nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe.

Nilipokuwa msichana, enzi za Ujamaa, kaka yangu Masanja alikuwa na klabu ya muziki wa soul hapa Mwanza. Lilikuwa ghala la zamani la pamba karibu na ziwa, na sisi tulipaita Ghalani tu. Kila Jumapili mchana palikuwa na bugi, ndilo disko la wakati wetu. Wasichana tulivaa viatu virefu vya raizoni, wavulana suruali pana za bugaluu na nywele za afro. Watu walitoka Magu, wengine walipanda meli kutoka Bukoba, waje kucheza kwa kaka yangu.

Santuri nzuri alikuwa nazo, lakini kilichoipa Ghalani jina ni mashindano. Wasukuma wenzangu mnajua Bagika na Bagalu: makundi mawili ya ngoma yanacheza kwa wakati mmoja, watazamaji wanahamia upande unaowafurahisha, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kaka akauingiza utaratibu huo kwenye soul. Upande mmoja aliuongoza yeye, wa pili aliuongoza kijana mmoja fundi baiskeli, mchumba wangu wakati huo. Huyo ndiye baba wa watoto wangu.

Kisha wakubwa wakasema soul ni muziki wa kibeberu, unaharibu vijana, marufuku. Kaka hakukata tamaa. Akajiandikisha kama kikundi cha ngoma za asili. Ngoma zikawa zinapigwa mlangoni, ndani santuri inazunguka. Mambo yalikwenda vizuri na watu wakazidi, mpaka Jumapili moja askari wakaingia moja kwa moja, wakawapita wapiga ngoma bila kuwatazama. Walichukua gramafoni na santuri zote, wakafunga mlango kwa kufuli. Kaka aliwekwa ndani, na alipotoka akaamriwa arudi kijijini akalime. Mpaka leo anaishi Kisesa, na muziki hakuugusa tena.

Swali likawa nani alisema. Kaka alikuwa na rafiki yake wa damu, Kamugisha, Mhaya, karani katika ofisi ya wilaya. Kwa kuwa alifanya kazi na wakubwa, wote tukamnyooshea kidole. Alikana mpaka akalia. Mama yetu alipofariki alikuja na mkewe kuzika nasi, kaka akawafukuza msibani mbele ya watu. Nyinyi mnajua kumfukuza mtu msibani ni kitu gani. Na mwezi uliopita mke wa Kamugisha alipofariki, ukoo wetu wote haukwenda. Hata mimi sikwenda, na yule mama, pamoja na lawama zetu zote, ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Sasa Jumapili iliyopita, tumemaliza kula, wajukuu wakamwomba babu yao awape hadithi za zamani. Mume wangu akaanza kucheka. Akasema, "Babu yenu Masanja alikuwa ananimalizia watu kila Jumapili. Nikaona huyu dawa yake ndogo. Nikaenda kuwanong'oneza wakubwa kwamba ile ngoma inaishia mlangoni."

Wajukuu wakacheka. Walipotoka nikamwuliza, "Baba Neema, ulichosema ni kweli?"

"Mama Neema, yale yalikuwa mashindano. Nilijua watasimamisha Jumapili ile moja tu, na sisi tujipange."

"Na Kamugisha?"

"Mimi sikumtaja Kamugisha. Watu ndio walimtaja."

Jamani, jibu hilo linanichoma kuliko kitendo chenyewe. Ni kweli kwenye ngoma zetu watu wanafanyiana hila, wanatafutiana hata dawa, na wakimaliza wanakunywa pamoja. Lakini hayo yanaishia uwanjani. Hakuna mcheza ngoma anayemwitia mwenzake askari. Na baada ya hapo mume wangu akanyamaza miaka yote, anakula na kaka, anaitwa shemeji mwema, huku Kamugisha anapitwa barabarani bila salamu.

Nilimwambia aende Kisesa akaseme mwenyewe. Akanijibu bila hata kuinua sauti, "Ukimwambia Masanja, nitasema ulijua tangu siku ile. Ulikuwa mchumba wangu. Nani atakuamini?" Naapa sikujua. Lakini namfahamu kaka yangu, ataamini nilijua.

Kaka sasa ni mgonjwa, miguu imevimba, na ameshawaagiza wanawe kwamba akifa Kamugisha asikanyage kaburini kwake. Aliyekabidhiwa kusimamia agizo hilo ni mume wangu. Na mume wangu amekubali.

Nikisema, namkosa kaka katika siku zake za mwisho, na ndoa sijui itasimama wapi. Nikinyamaza, kaka atakufa akimlaani rafiki yake aliyempenda kuliko wote, na Kamugisha atabaki peke yake ndani ya nyumba ile, mgane, akiitwa msaliti kwa kosa la mtu anayelala kitandani kwangu. Msinijibu eti mmeshazeeka, yaacheni. Kaka anakuja kwetu Jumapili hii na nimeagizwa niandae kuku. Nipeni akili wanangu: niseme akiwa mezani, wote wawili wakinitazama, au nitangulie kwa Kamugisha nikampigie magoti kwanza?