Gambuti Zilizopimwa Same

Siku ya gulio nilimkuta mama mmoja wa milimani akichagua gambuti kwenye kibanda hapa Same. Kila alfajiri anawakatia ng'ombe majani kwenye umande na baridi, na gambuti zake za mwaka jana zilikuwa zinaingiza maji mpaka akaugua kifua.

"Hizi zina manyoya ndani, mama. Zina joto kweli," alisema muuzaji.

"Mwanangu, hapa Same hata kandambili zina joto. Umeshawahi kulala kwetu mwezi wa saba?"

"Hapana, mama."

"Basi zivae wewe. Mimi nakwenda kununua chumvi ya ng'ombe."

Muuzaji akacheka, akazivaa. Mama akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi, jamaa alikuwa ameketi juu ya ndoo, akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama, zina joto. Nisaidie nivue."

Akavua. Mama akaingiza mkono ndani, ukatoka umelowa jasho. Kisha akapapasa nje taratibu, mshono kwa mshono. Kote kukavu.

"Jasho limeshindwa kutoka, basi na maji yatashindwa kuingia," alisema.

Muuzaji akawahi kuzitia kwenye mfuko. Mama akamrudishia mfuko huo.

"Hizo umeshazivaa, mwanangu. Nipe jozi mpya kama hizo."

Miaka yote niliyofundisha sayansi, majaribio niliyafanya kwa mikono yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwachia muuzaji ayafanye kwa miguu yake.