Maboksi Tisa ya Mzee Pandu

Viatu vinavyonunuliwa Zhanxi, soko la viatu la Guangzhou, kwenda kwetu husafiri bila maboksi. Mnunuzi akishalipa, maboksi hutupwa palepale na viatu hushindiliwa ndani ya belo ili nafasi itoshe. Kwa hiyo mlangoni pa stoo yetu palikuwa na rundo la maboksi matupu kila siku, na Mzee Pandu hakukosa mahali pa kuwekea maneno yake.

Yeye alikuwa mwandika alama wa stoo. Alishika brashi na wino mweusi, akaandika juu ya kila belo jina la mwenye mzigo na bandari, nami nikaandika daftarini siku lilipoingia na siku lilipotoka. Kazi ikipungua alitoa kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, akaandika neno moja la Kimvungwe, maana yake, na chini yake jina la mtu aliyelisema. Mvungwe ni kisiwa kidogo alikozaliwa, na usemi wake mtu wa Unguja mjini huuelewa nusu. Vikaratasi alivipanga kwa herufi ndani ya maboksi ya viatu, tisa, chini ya meza yake. Niliwahi kumuuliza ni vingapi.

"Elfu sita na kitu," akasema. "Na nakala sina."

Maisha yake alinieleza vipande vipande kwa miaka miwili, nami nilivipanga nyumbani. Alizaliwa mwaka 1934. Akiwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa moja pale kisiwani, alikuja Mzungu mpimaji wa ardhi, akataka mtu wa kumtembeza. Pandu alimtembeza miezi minne. Mzungu alipima, yeye akakusanya maneno. Aliandika pia majina ya mashamba na ya wanaoyalima, maana mashamba ya Mvungwe yana majina kama watu. Mwaka uliofuata mashamba ya kaskazini yalitwaliwa, ikapandwa minazi ya watu wengine. Karatasi iliyosomwa mbele ya wanakijiji siku hiyo ilikuwa na kila jina mahali pake, kwa mwandiko wa Pandu.

Mwaka huohuo kilitoka kijitabu chake cha ngano za Kimvungwe, nakala mia mbili. Mjini walimcheka: mwalimu mzima anaandika lugha ya kuchimbia chaza! Mvungwe walikifungia karanga. Mwaka 1958 alipanda meli kama msaidizi wa mpishi, asirudi tena. Alikaa baharini, kisha Hong Kong miaka mingi, kisha Guangzhou, kwa sababu alijua Kikantoni na wafanyabiashara wetu walihitaji mtu wa kuwasemea kwa malaoban, yaani wenye maduka. Kokote alikokaa aliendelea kuandika, mengine kwa kukumbuka, mengine kwa mabaharia wa kwao aliokutana nao bandarini.

Watu wa Mvungwe hawakusahau. Bi Swalha, mwenye duka la viatu Darajani, ni mjukuu wa mmoja wa waliopoteza mashamba. Safari yake ya kwanza stooni kwetu alimtazama mzee akiandika, akauliza, "Wewe Pandu gani?"

"Wa Mvungwe."

"Pandu wa Mzungu?"

"Ndiye, mwanangu."

Bi Swalha akanigeukia mimi. "Dada Felisia, mzigo wangu aandike mtu mwingine. Mkono huo usiliguse jina langu."

Tangu siku hiyo alama zake niliandika mimi, vibaya.

Oktoba 1998 Bi Swalha aliagiza viatu vya kike vya Idi. Hivyo alivitaka na maboksi yake, kwa kuwa wateja wake wa sikukuu hawapokei kiatu kitupu. Alirudi Unguja mapema, akatuachia upakiaji. Kontena lilifungwa siku ya Ijumaa, mzee akiwa msikitini. Mpakiaji wetu alikuwa Josphat, kijana wa Nakuru mwenye nguvu na haraka. Kesho yake asubuhi Mzee Pandu aliinama chini ya meza, akakaa ameinama muda mrefu.

"Felisia, umeyahamisha maboksi yangu?"

Kabla sijajibu Josphat akasema, "Zile za chini ya meza? Si zilikuwa viatu za Bi Swalha? Nilizitia zote."

"Ulifungua?"

"Boksi ya viatu nifungue ya nini, mzee? Uzito ni wa viatu, rangi ni zilezile!"

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Alitoka mbio hadi barabarani, kana kwamba lori lililoondoka jana lingekuwa bado pale kwenye taa. Mzee hakumkaripia. Aliketi juu ya belo.

"Mizigo yote ya Guangzhou," akasema, "na maboksi yangu yameingia kwa Bi Swalha."

Tulikwenda watatu duka la simu. Josphat alishika simu mwenyewe, akaeleza kosa, akaomba radhi mara nne. Sauti ya Bi Swalha niliisikia nikiwa nimesimama pembeni: "Karatasi zake? Acha zije. Mkaa umepanda bei huku." Akakata.

Kontena lilikuwa na wiki tano njiani. Katika wiki hizo mzee alijaribu kuandika upya kwa kumbukumbu. Alifika mia nne na kumi, akakwama. Chakula chake cha mchana alimpa Josphat, ambaye kwa aibu hakuweza kukila. Siku moja nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa na mtu.

"Mzee, ulijua yule Mzungu atayafanyia nini majina?"

Alifunga kichupa cha wino kwanza. "Sikujua. Lakini aliponiuliza nilifurahi kuulizwa, mimi kijana wa Mvungwe, naulizwa. Nikajibu kila kitu. Yeye sikumuuliza hata moja. Hilo ni langu, Felisia, siwezi kumpa mtu mwingine."

Novemba iliisha. Nilituma faksi mbili, hazikujibiwa. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Mzee aliacha kuandika vikaratasi, akawa anaandika alama tu.

Bi Swalha alitokea mwanzoni mwa Februari, siku chache kabla ya maduka kufungwa kwa mwaka mpya wa Kichina. Alikuwa na mkoba mkubwa wa plastiki, ule wa mistari. Hakupita kwangu. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa mzee, akauweka mkoba sakafuni, na mzee akasimama.

"Shikamoo," Bi Swalha akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimsalimu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mteja wangu kafungua boksi la viatu namba thelathini na tisa, kakuta karatasi. Kanambia, 'Bi Swalha, viatu vya mwaka huu havivaliwi, vinasomwa?' Watu dukani wamekufa kwa kicheko. Nikayabeba yote nyumbani, nikayaweka karibu na jiko. Sikufichi."

Josphat alikuwa amesimama na belo begani, hajui alitue au aende nalo.

"Mama yangu haoni tena, lakini masikio anayo. Akasikia nachakura. 'Unachakura nini?' Nikamwambia, karatasi za Pandu wa Mzungu. Akasema, 'Nisomee moja kabla hujaitia motoni.' Nikachukua ya juu." Bi Swalha akaitoa mfukoni, akaisoma tena: "'Kushumbua. Kufumua ukili wa mkeka uliosukwa vibaya bila kukata chane. Amesema Sihaba binti Kombo, akisuka, mwaka 1956.'"

"Sihaba," akasema mzee. "Alikuwa na kipele cha uzuri hapa shavuni."

"Ndiye mama yangu. Anacho mpaka leo." Akakikunja kikaratasi. "Mama akasema, soma nyingine. Ramadhani nzima, kila baada ya alasiri, nimemsomea. Kila jina akilisikia anasema, huyu alikuwa hivi, huyu alikufa kwa hili. Sauti imenikauka, mimi na saumu yangu."

"Yamebaki mangapi?" Mzee aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Yote tisa. Na hili la kumi." Akafungua mkoba. Boksi la mwisho lilikuwa jipya, limefungwa kwa uzi. "Haya kasema yeye, nimeandika mimi. Anasema umekosea ishirini na saba. Na matusi umeyaacha yote, kwa hiyo kamusi yako ni ya uongo, kwani watu wa Mvungwe hawakuwa malaika."

"Nilikuwa mwalimu," mzee akasema. "Niliona haya."

"Basi huko ndani yamo, tena yeye hakuona haya. Mimi ndiye niliyeona haya kuyaandika."

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, chenye kukohoa, akafuta macho kwa ncha ya shati, akaketi. Josphat alilitua belo, akaketi juu yake, akasema "Asante Mungu" kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Kuhusu shamba," Bi Swalha akaongeza, "mama anasema hajasamehe. Anataka umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, ilikuwaje. Asubuhi huwa yupo. Namba ya simu nimeiandika juu ya boksi."

"Nitamwambia."

"Mwambie yote."

"Yote."

Kuanzia mchana huo Josphat aliyapeleka maboksi kumi kwenye duka la fotokopi, mawili mawili, akakataa kumwachia mtu hata boksi moja mkononi. Kazi ilichukua siku tatu, akarudi na nakala mbili za kila kikaratasi. Nakala moja iko kabatini kwangu. Mzee alikula sahani mbili za wali, kisha akaniomba namba ile niinakili na daftarini, isije ikapotea.

Bi Swalha alikuwa bado na mzigo wa kufunga kabla maduka hayajafungwa. Mabelo yake sita yalikuwa ukutani, nami nikachukua brashi kama kawaida.

"Wacha, dada Felisia," akasema. "Mwandiko wako umenipotezea mabelo mawili Dar. Mpe mzee."

Nikampa.