Nyimbo za Marehemu Zina Mwenyewe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana asubuhi yake nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa kijana bado, Kombe la Dunia limepita mwaka mmoja tu hapa Durban, na nilikuwa na kiduka cha kuchapisha pale Clairwood, kati ya maghala na malori.

Nilikuwa nimemaliza kuchapa kitabu cha nyimbo za ibada, kizinduliwe Jumapili kanisani kwetu Isipingo. Nyimbo zote alizitunga Mwalimu Déogratias, Mrundi aliyefundisha kwaya Uvira, kule Kongo, na aliyekuwa amefariki miaka sita nyuma. Jalada lilikuwa na jina langu peke yake.

Nilisoma kwenye intaneti kwamba kule Amerika, zamani, kitabu kilipewa miaka ishirini na minane. Mwenyewe asipoandikisha upya, kilikuwa mali ya wote. Nyimbo za Mwalimu zilipita miaka hiyo, na hakuna aliyeziandikisha popote. Basi, nikasema, ni za yeyote. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Akaingia dukani mzee wetu, Papa Barthélemy, aliyekuwa karani wa mahakama Bukavu, sasa mlinzi wa jengo Morningside. Akakiinua kimoja.

"Kitabu hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Papa."

"Na hii wimbo? Waliiimba kwa ndoa yangu. Wewe ulikuwa haujazaliwa."

Nikamweleza sheria yangu ya Amerika. Alisikiliza mpaka mwisho, kama watu wa mahakama.

"Eish, mtoto wangu. Sheria ya vitabu vyao vya zamani unaileta hapa? Hapa haki ya mtunzi inaishi naye, halafu inaishi miaka makumi tano kisha kifo chake. Haiombi kuandikishwa, haiombi renouvellement, kuandikishwa tena. Na mke wake iko Isipingo, anasuka nywele karibu na stendi ya taxi. Ulimuuliza?"

Sitakuficha: nilijua yupo.

Tulikwenda wote mchana huohuo. Mama Séraphine, mjane wa Mwalimu, alifuta mikono, akafunua kurasa polepole, akasimama kwenye wimbo mmoja.

"Ubeti wa tatu iko wapi?"

Nilikuwa nimeutoa. Ulitaja jina la mtoto asiyekuwamo katika Biblia, nikadhani ni kosa.

"Ni mtoto wetu," akasema. "Tulimzika njiani tukikimbia Burundi. Hana kaburi ingine."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilibandua majalada yote, nikaurudisha ubeti, nikaandika jina la Mwalimu, na Mama akatia sahihi ruhusa iliyoandikwa na Papa Barthélemy kwa mwandiko wake wa mahakama. Uzinduzi ulichelewa majuma matatu. Siku yenyewe Mama aliuimba ubeti ule peke yake, kanisa zima limesimama.

Basi nisikilize. Ukiikuta kazi ya mtu, usihesabu umri wa kazi tu. Uliza mtunzi alikufa lini, na sheria ya mahali uliposimama inasemaje. Kisha watafute watu wake, hata kama sheria imekwisha kukuruhusu. Na yako uliyoitunga, iandike jina na tarehe, uwaonyeshe wanao wakati sauti yako ingali inasikika.

Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi ambayo hutaogopa kuiwekea jina, na wajukuu wako waikute nzima.