Jipu Langu na Goti la Masao

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa majisifu, na nisipoanzia hapo nitakuwa nimeficha tena. Naitwa Barnaba. Nilitoka Iringa kuja Minnesota kusoma, nikamaliza chuo, nikapata kazi ya ufundi kwenye hoteli moja Bloomington karibu na uwanja wa ndege. Vitasa, mabomba, mabafu yaliyoziba, yote yangu. Simu za kukunja ndizo zilikuwa fasheni wakati huo. Mke wangu, Rehema, alikuwa nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, na binti yetu Neema alikuwa na miaka mitano. Kanisani kwetu Watanzania walinipa kazi ya kubeba spika, kwa sababu nilizibeba mbili kwa mpigo na nilipenda kutazamwa nikizibeba.

Jioni tatu kwa wiki nilikwenda mtaa wa Phillips kufanya mazoezi ya ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Jengo lilikuwa zamani duka la matairi. Ndani palikuwa na mkeka mkubwa wa buluu, na mlangoni kibao: mwenye kidonda, jipu au upele haingii mkekani. Kila Jumatatu kocha alitupanga mstari, tunavua fulana, anatukagua mgongo, kifua, mikono na miguu. Sisi tunaobanana jasho kwa jasho tunaambukizana magonjwa ya ngozi upesi sana. Nililijua hilo tangu wiki yangu ya kwanza.

Huko ndiko nilikokutana na Masao. Alikuwa Mjapani wa miaka arobaini na moja, mfupi, shingo nene, masikio yamevimba na kukunjamana kama uyoga. Alipanga chumba juu ya mazoezi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu cha darasani, tukaelewana vizuri. Jumamosi nilimpelekea maandazi ya Rehema, naye huku akijifunga vidole kwa utepe alinisimulia maisha yake.

Aliingia kwenye mieleka kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya mieleka ya kwao ilimfukuza wiki ya kwanza ya mafunzo kwa ufupi na kwa kutapika. Akarudi akaomba kazi ya kuendesha lori lililobeba nguzo na kamba za ulingo. Aliliendesha miaka miwili. Siku moja mwanamieleka akaharisha, wakamvalisha Masao bukta ya mgonjwa, ikampwaya, akapigwa mbele ya watu. Kesho yake akaomba apigwe tena. Hivyo ndivyo alivyopata jina.

Akiwa na miaka ishirini na saba alitupwa kichwa chini akavunjika shingo. Alivaa kola mwaka mzima, akarudi. Alipohamia kwenye mapigano ya mchanganyiko alishindwa la kwanza kabla watazamaji hawajakaa vizuri, akashindwa na mengine manne. La sita alishinda, akalia mpaka refa akamshikilia. Kisha goti la kushoto likasagika, madaktari wakaliunga kwa chuma. Kwao mwanamieleka akistaafu hugongewa kengele mara kumi, ukumbi mzima umesimama kimya. Masao aligongewa zake akiwa ameshikiliwa na watu wawili, hawezi kusimama. Hilo lilimuuma kuliko shingo.

"Nilitaka kutoka kwa miguu yangu," aliniambia. Lakini aliyekwisha kugongewa kengele akirudi ulingoni kwao ni aibu, ndiyo maana akaja huku wasikomjua. Alipata pambano moja, Saint Paul, mwezi wa tatu. Apigane, ashinde au ashindwe, ashuke ulingoni akitembea, basi. Mimi nilikuwa na pambano langu la kwanza siku hiyohiyo. Pale mazoezini mtu wa kilo zake alikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo tulipangwa pamoja kila siku.

Jipu lilitoka mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini. Lilikuwa paja la kulia, ndani, juu kabisa, pale ambapo kocha hakagui mtu. Siku ya kwanza lilikuwa kama punje ya harage. Siku ya tatu lilikuwa kama ndimu, jekundu, la moto, limetoa kichwa cheupe. Nilijifungia choo cha wafanyakazi hotelini nikalikamua kwa taulo la maji ya moto. Usaha ulitoka wa njano na damu, na harufu yake ikabaki kwenye vidole vyangu hata baada ya sabuni.

Rehema aliliona nikibadilisha nguo.

"Baba Neema, hilo si la kukamua. Kesho omba off uende kliniki."

"Jipu tu hili, mama. Nyumbani bibi alikuwa anabandika sabuni na sukari, linakwisha."

"Bibi yako alikuwa anakulaza ndani. Hakukupeleka kwenye mieleka. Nimeona wazee kazini, kitu kama hicho kinaingia kwenye damu. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

Sikwenda. Daktari angeniambia nipumzike, na mimi nilishawaambia kanisa zima kuhusu pambano langu. Nilibandika plasta mbili, nikavaa bukta ndefu ya kubana, nikaenda mkekani. Nilifanya hivyo siku nne.

Alhamisi nilibanana na Masao saa nzima. Tulifanya zoezi lake, la kumtoa mtu aliyekulalia, miguu imesokotana. Tulipoachana nilitazama chini nikaona plasta yangu mkekani, imekunjika, imelowa. Niliikanyaga, nikainama kama ninayevuta soksi, nikaitia ndani ya soksi. Tukaendelea raundi mbili zaidi.

Jumamosi homa ilinishika. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Jumapili kanisani watu waliposimama kuimba, mimi sikuweza. Nyonga ya kulia iliuma kana kwamba mtu ameingiza patasi. Rehema alinigusa shingo, hakuuliza kitu, akamwacha Neema kwa mama mmoja wa kanisani, akaniburuta hadi kwenye gari. Alipita taa nyekundu mbili.

Kuanzia hapo mengi nimeyasikia kwa wengine. Vijidudu vya jipu vilikuwa vimeingia kwenye damu na kujaa kwenye kiungo cha nyonga. Walinipasua wakaosha, baada ya siku mbili wakaosha tena, kisha mara ya tatu. Mapafu yalijaa, wakanitia mpira kooni, mashine ikanipumulia. Nilivimba hadi pete ya ndoa ikakatwa kwa mkasi wa chuma. Rehema alikaa ICU, wodi ya mahututi, akiwa na sare zake za kazi, anatoka zamu anakuja. Waumini walileta pilau ambalo mimi sikuweza kulila, manesi wakalisifu. Wapo waliosema nimerogwa na mpinzani wangu, mtu ambaye hata jina langu hakulijua.

Nilipozinduka, daktari wa mifupa, mama mmoja mrefu wa sauti ya chini, aliniambia, "Aliyekuokoa ni mkeo. Alifika akatuambia ni nini kabla hatujapima."

Neema alipandishwa kitandani. Nikamwambia, "Njoo mwanangu, umenimiss?" Akanusa shingo yangu akasema, "Daddy, you smell like the pool," yaani nanuka dawa ya bwawa la kuogelea. Nililia kwa kuwa niko hai na mtoto ananinusa.

Siku tatu baadaye Rehema alivuta kiti karibu.

"Baba Neema, Masao amelazwa. Yuko hapahapa, chini."

"Ana nini?"

"Goti. Lile la chuma. Wanasema ni kidudu kimoja na chako."

Nikageukia ukutani. Rehema hakunilaumu. Alinipandisha shuka. Vijidudu vikishika kwenye chuma kilicho ndani ya mwili havitoki kwa dawa, ndivyo walivyonieleza. Walikitoa chuma, wakakwangua mfupa, na goti likawa halina kitu cha kulishikilia. Mwishowe wakaunganisha paja na muundi kuwa mfupa mmoja. Mguu ule hautakunjika tena. Pambano la Saint Paul lilipita sisi wote wawili tukiwa kwenye dripu.

Daktari alikuja kuniuliza kwa ajili ya kuwakinga wenzetu wa mazoezini. "Ulipokuwa mkekani, ulijua kwamba jipu linavuja?"

"Sikujua," nilisema.

Alikuwa ameniosha nyonga mara tatu kwa mikono yake, na nilimdanganya machoni.

Nilikaa hospitali wiki saba. Nilijifunza kuketi, kisha kusimama, kisha kutembea na fremu kama wazee wa Rehema. Hadi leo mguu wa kulia ni mfupi kwa unene wa kidole. Niliporudi kanisani mwezi wa tano walinipa nafasi ya kutoa ushuhuda. Nilisema ugonjwa ulinijia ghafla. Nilisema shetani alinivizia, Mungu akaniinua. Watu walishangilia, akina mama wakapiga vigelegele.

Masao alikuwa amekaa kiti cha mbele. Rehema alimwalika, mimi sikujua. Mguu wake ulinyooka katikati ya njia ya kupitia, magongo chini ya kiti. Hakuelewa Kiswahili hata neno, lakini aliniona nimesimama, akanipigia makofi kwa muda mrefu kuliko wote. Nilishuka pale nikaenda chooni nikatapika. Watu wakadhani ni dawa.

Jioni hiyo nilimwambia Rehema yote, plasta, soksi na jibu nililompa daktari.

"Hayo ya kuvuja mkekani nayajua tangu ICU," alisema. "Bukta yako yenye usaha niliifua mimi. Nilikuwa nasubiri uyaseme mwenyewe. Sasa kamwambie mwenye goti."

Kesho yake nilimpigia daktari nikakiri, akanishukuru kwa ukavu, na nilistahili. Kwa Masao nilichelewa wiki nyingine tatu. Kila Jumamosi nilimpelekea maandazi, nikakaa, nikazungumza habari za theluji iliyokwisha, nikaondoka. Mwisho akanitangazia kwamba anarudi Osaka kwa dada yake. Nikasema nitampeleka uwanja wa ndege mimi.

Alikaa kiti cha nyuma, mguu umelazwa kwenye siti. Nilipaki, nikazima gari, nikasema bila kugeuka. Nilimwambia nilikuwa na jipu, kwamba nilijua, kwamba mke wangu alinikataza, kwamba plasta ilibanduka nikaificha, na kwamba mguu wake nimeuua mimi.

Nilisikia akikohoa.

"Niliona," alisema.

Niligeuka. "Uliona nini?"

"Plasta. Ulitia kwenye soksi."

"Mbona hukusema?"

"Nani mwingine ana kilo zangu? Zilibaki wiki chache." Alijipigapiga paja. "Zamani, kabla shingo haijavunjika, mkono wangu ulikuwa na ganzi wiki tatu. Nilificha. Nilipokuona na soksi, nikasema, huyu ni kama mimi."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige hata ngumi moja, ningeipokea kwa shukrani. Mtu yule alikuwa ameinuka kutoka kwenye kila kitu, kufukuzwa, shingo, kushindwa mara tano, kengele kumi, na kilichomlaza kikawa ni kile tulichoona sote wawili tukanyamaza.

Mlangoni mfanyakazi wa uwanja alileta kiti cha magurudumu. Nilidhani Masao atakikataa, kwa jinsi nilivyomjua. Alikitazama, akanipa magongo, akaketi. Akaniinamia kichwa mara moja, nami nikamwinamia, na wakamsukuma ndani.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru Rehema aliyepita taa nyekundu. Namshukuru yule daktari, ambaye alinitibu kabla na baada ya uongo wangu kwa mkono uleule. Nawe unayesoma, kama una jipu, uvimbe, ganzi, damu isiyo ya kawaida, na unangoja kwanza harusi ipite au mtihani au mechi, usingoje. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilidhani methali ile inamhusu mwenye maradhi peke yake. Siku hizi kocha amenipa kazi ya kukagua ngozi kila Jumatatu, na ninakagua hadi ndani ya mapaja. Wananicheka. Wacheke.

Nimepona. Ninapanda ngazi, ninabeba spika moja moja, ninacheza na binti yangu. Na kila asubuhi ninapovaa suruali nimesimama, ninajua kwamba Osaka yupo mtu anayelala chali kitandani ndipo avae yake, kwa sababu goti halikunjiki.