Siku Vidole Vyangu Viliposhikana

Aibu niliyoipata siku ya wazazi shuleni kwa Neema bado inanifanya nifiche mkono wa kulia kila nikipita pale getini, ingawa vidole vilishaachana.

Neema ni mdogo wangu. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule nikabaki naye na ng'ombe wetu mmoja hapa Machame, na yeye akaacha kusema mbele za watu (nyumbani anaongea mpaka ng'ombe anageuka kumtazama, lakini darasani kimya). Kwa hiyo aliponiambia amekubali kuwaeleza wazazi jinsi ubongo unavyopokea habari kutoka vidoleni, na kwamba mimi ndiye nitakayefungwa macho anigusaguse kwa vijiti vya meno, niliapa jambo hili lisiharibike.

Sasa vidole vyangu, kwa kukata majani na kukamua, vina mipasuko. Asubuhi ile nikaamua kuiziba kwa supagluu nisimwaibishe (wengi tunafanya hivyo, msinicheke), nikapaka ncha zote vizuri, na kwa vile moyo ulikuwa unanidunda nikafumba mikono papo hapo nimwombee mtoto. Niliposema amina, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikuwa vimeng'ang'aniana. Nikavuta, nikaloweka, nikavuta tena, muda ukaenda, nikaondoka navyo hivyo hivyo.

Mkuu wa shule akanipa mkono, nami kumpa wa kushoto siwezi, nikampa ule kama ndoana. Akauangalia. "Karibu mzazi," akasema taratibu, kama mtu aliyeamua kutouliza.

Zamu yetu ikafika. Neema akanifunga macho kwa khanga yangu mwenyewe, akawaambia watu kwamba mgongoni ncha mbili za vijiti zitaonekana moja, vidoleni zitajulikana kuwa mbili, maana ubongo wa mtu, na wa kima pia, umevipa vidole nafasi kubwa kuliko mgongo. Akanigusa mgongoni.

"Ngapi, dada?"

"Moja."

Akanigusa kidoleni. Gundi ilikuwa imekauka kama ganda la konokono, sikuhisi kitu.

"Ngapi?"

"Kwani umeshagusa?"

Watu wakaangua kicheko. Neema akaninong'oneza, "Achanisha vidole, dada."

"Vimekataa."

"Vimekataaje?"

"Gundi."

Mama mmoja wa mbele akasema, "Huyu ametokea kwa fundi viatu," na kicheko kikaanza upya, nikajua nimemrudisha Neema kwenye ukimya wake.

Lakini hakuniachia mkono. Akauinua mkono wangu wote wauone. Akasema, kwanza kwa sauti ndogo, kwamba katika ubongo kila kidole kina kihamba chake, shamba lake la migomba, na katikati kuna mpaka, kama masale tunayopanda kutenganisha shamba na shamba. Na kwamba kima akiunganishwa vidole viwili kwa miezi, vikawa vinaguswa pamoja kila wakati, mpaka ule unafutika na vihamba viwili vinakuwa kimoja.

"Vya dada vimeshikana tangu asubuhi tu," akasema. "Masale yake bado yapo."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, maswali yakaanza, na akawa anayajibu (mimi bado nimefungwa macho, hakuna aliyekumbuka kunifungua).

Jioni, vidole vikiwa vimeachana kwa maji ya moto na mafuta ya kupikia, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikampelekea jikoni. Kwetu ukiletewa jani hilo huwezi kumnyima mtu msamaha. Akaliangalia, akalirudisha mkononi mwangu.

"Sale ni la mpakani, dada," akasema. "Sisi mpaka wetu uko wapi?"

Nikageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Siku hizi mipasuko naipaka mafuta ya kukamulia, na nikiomba, vidole naviacha mbalimbali.