Niliileta Shupaza Nyumbani, Baba Akaiona Kuba

Admin, jina langu lifiche, na mtaa wangu pia. Ukisema Likoni inatosha. Nina miaka themanini na mitano na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike. Nimemwapisha asimwambie mamake. Najua wengi mnaoleta visa hapa mnalia mapenzi. Changu mimi ni aibu ya tangu kabla ya uhuru, na Ijumaa ijayo inafunuliwa ukutani watu waipige picha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima walisoma Kurani mbele yake. Kamari kwake ilikuwa najisi. Akisikia karata zinachezwa baraza fulani, alibadilisha njia. Mimi mwanawe nikapata kazi Changamwe, kwenye karakana ndogo iliyotengeneza sarafu za kamari, vile vidude vya duara vya udongo uliochomwa ambavyo wazungu waliviweka mezani badala ya pesa. Nyumbani nilisema tunatengeneza vifungo vya makoti. Uongo huo niliutunga kwenye kivuko siku ya kwanza ya kazi, na ukanikaa vizuri mdomoni, Mungu anisamehe.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Unaigonga sarafu kwa ukucha usikie kama ina ufa, vile mama zetu walivyogonga vyungu kabla ya kununua. Kisha unalamba dole gumba na kuisugua, uone kama rangi inatoka. Nilikuwa hodari, sijisifu. Ila ikaja Ramadhani, na mzigo wa sarafu nyekundu za klabu moja ya kisiwani. Nimefunga, naogopa kulamba rangi nisije nikaharibu saumu. Bomba la maji lilikuwa nje, jua kali, na mimi mvivu. Nikazigonga tu, nikazipitisha zote. Oneni akili yangu: rangi niliiogopa, kamari yenyewe haikunikera.

Baada ya Idi yakaja malalamiko. Msimamizi wetu alinisomea barua mbele ya wenzangu, neno kwa neno. Wachezaji walitokwa jasho mikononi, rangi ikawaganda vidoleni, na mashati yao meupe yakawa kama ya wachinjaji. Mama mmoja wa kizungu gauni lake liliharibika lisivalike tena. Sarafu zote zikarudishwa. Msimamizi aliniuliza nilizikagua vipi, nikajibu nilizikagua kama kawaida. Sikuwa na uso wa kusema kweli. Adhabu yangu ikawa kuzichemsha kwa magadi mpaka rangi iishe, kisha nikazitupe.

Zilitoka nyeupe, laini, na kila moja ina alama ya shupaza, ile nyeusi ya karata, iliyokandamizwa katikati. Nikaona hasara kuzitupa. Nikazitia kwenye gunia nikaenda nazo nyumbani, wadogo zangu wachezee. Baba alinikuta uani nikizimwaga.

"Ndoo hapa," akaniita. "Hivi ndivyo vifungo vyenu?"

"Naam, baba."

"Mbona havina matundu?"

"Matundu hutobolewa mwisho. Hivi vimeharibika."

Akachukua kimoja, akakisogeza karibu na macho. Shupaza, kwa asiyejua karata, ni kitu kilichotuna chenye ncha juu na kikonyo chini, na baba hakuwahi kushika karata maisha yake yote. "Subhanallah," akasema polepole. "Hii ni kuba ya msikiti. Na nguzo yake hii hapa. Hao wazungu wako wana adabu kuliko nilivyodhani."

Ilitosha niseme neno moja la kweli. Nilicheka kidogo nikasema ndiyo, ni kuba.

Kwetu akifa mtu, watu huketi wakamsomea tahlili maelfu kwa maelfu, na kila mmoja hugawiwa kokwa za tende za kuhesabia. Kokwa za baba zilikuwa zimeliwa na wadudu. Akazitwaa sarafu zote, akazishonea mfuko kwa mkono wake, akawaambia majirani kuwa mwanawe amemletea zilizo bora. Watu walinipongeza msikitini. Niliacha kazi mwezi uleule, lakini mfuko ulibaki.

Baba alifariki mwaka ule bendera ilipobadilishwa. Nikaketi na wenzangu kumsomea, kiganja kimejaa kamari, kila nikimtaja Mola nateremsha shupaza moja. Nililia sana siku ile. Watu walidhani ni uchungu wa baba tu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia aliitazama sarafu yake, akanitazama mimi, kisha akaendelea kusoma. Kaburini amekwenda na siri yangu. Tangu hapo hakuna maiti wa mtaa wetu asiyehesabiwa kwa mfuko ule. Mwaka jana zamu ilikuwa ya mke wangu.

Sasa wajukuu wamejenga madrasa kwa jina la baba. Kwa mapenzi yao wamechora alama ya zile sarafu, wanayoiita "kuba ya mwalimu", juu ya mlango, kubwa kama sinia la biriani, nyeusi tititi, wakaifunika kitambaa mpaka Ijumaa ya ufunguzi. Mkononi heshima ya baba iliificha. Ukutani nani hataijua? Vijana wanaocheza karata sokoni wataicheka kabla rangi haijakauka, na watakayemcheka si mimi, ni yeye.

Nikisema, nitawaambia watu kwamba wazazi wao niliwasomea kwa vyombo vya kamari miaka sitini. Nikinyamaza, jina la mtu aliyekimbia karata litakaa chini ya karata. Mjukuu wangu ameacha kuandika mara mbili akanitazama, na mimi nimeangalia chini.

Nishaurini, ndugu zangu, na wenye elimu ya dini msininyamazie. Mimi ndiye mtoto pekee wa mwalimu aliyebaki, kwa hiyo Ijumaa kitambaa wamenipa mimi nikivute. Nikivute?