Nusu ya Nduma

Mwanangu Wanjiru, kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni, na jana umenirudisha huko bila kujua. Uliingia hapa kutoka mbio zako za uwanja wa Ruring'u, jasho likikutiririka, ukaitazama hiyo saa ya mkononi inayohesabu kalori. Ukaniuliza, "Mama, hizi nimechoma, nizirudishe kwa chakula ama niziache tu?" Nikakuambia nitakujibu kesho. Nilikuwa nimemkumbuka baba yako.

Ulikuwa mchanga bado, wa kubebwa mgongoni. Daktari alikuwa ameniambia presha imepanda, nipunguze mwili, la sivyo huenda nisikuone ukienda shule. Wee, niliogopa! Baba yako akasema sitatembea peke yangu. Kila asubuhi tukawa tunapanda na kushuka vilima pamoja. Saa za kuhesabu hatukuwa nazo, lakini hesabu yenyewe tuliijua: nimetoka jasho, basi nile. Tukifika kibanda cha chai, kila mtu chapati mbili na chai ya maziwa matupu. Baada ya muda nikapanda mizani, kumbe nimeongezeka! Baba yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Nikaruka upande wa pili. Nikatembea zaidi na nikaacha kula, chai ya rangi basi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, lakini nani angeniambia?

Ndipo tukaenda Kutus kumwona mama yake baba yako, nyanya yako uliyepewa jina lake. Asubuhi hiyo, nikiwa namsaidia kung'oa nduma, yale magimbi yanayoota kule mtoni, dunia ikazunguka. Nikaanguka matopeni, nawe uko mgongoni. Baba yako alitukimbilia, akakuokota unalia, matope yamejaa usoni. Mpaka leo nikisikia mtoto akilia mtoni, hukimbia kutazama.

Nyanya yako hakunipa pole. "Hii mwili imekukosea nini?" akaniuliza. "Ng'ombe ya maziwa utainyima nyasi ati ndio ikonde? Na zile chapati, ulifikiria kilima inakulipa mshahara?"

Akaniketisha jikoni, akatoa nduma moja sufuriani, akaikata katikati. "Kula nusu, halafu ngoja. Kama ni njaa ya kweli, itarudi kuuliza. Kama ni tamaa, itaenda zake."

Nikala. Baba yako akaichukua nusu iliyobaki, akaila bila kuulizwa, huku amekupakata.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa nusu. Nduma moja, chapati moja, yangu na yake. Mwili ulipungua polepole, presha ikashuka, nikakuona ukienda shule. Baba yako, ambaye hakuwahi kuumwa hata kichwa, ndiye aliyetangulia kaburini.

Bado nakata, Wanjiru. Mkono haujajifunza kuacha. Nusu yake hubaki kwenye sahani ikipoa, nami naitazama. Namtamani baba yako. Natamani nimsikie akinicheka kwa ajili ya mizani, hata mara moja tu.

Sasa jibu lako ni hili, mwanangu. Usirudishe yote ambayo saa inakwambia umechoma. Saa hubahatisha, na njaa yako haiijui. Wala usijinyime yote, maana mwili unaofanya kazi hudai chake. Siku ya matembezi ya kawaida, chakula chako cha kila siku kinatosha. Siku ya mbio ndefu, ongeza kidogo, kama nusu hivi, kisha usikilize tumbo. Kichwa kikizunguka, keti ule, na usione haya. Aisee, heri kukonda polepole kuliko kuanguka na mtoto mgongoni.

Mungu akupe magoti ya kupanda vilima hivi mpaka uzeeke. Akupe na mtu wa kugawana naye sahani. Kabla hajafika, kesho ukitoka uwanjani pitia hapa kwangu, uile nusu ya baba yako ikiwa bado moto.